Ramani Kongwe Mikononi mwa Mwalimu: Kazi ya Ruzuku Ndogo katika Elimu ya Jiografia Marekani

Katika shule nyingi za Marekani jiografia haina kipindi chake. Imo ndani ya maarifa ya jamii, na mara nyingi anayeifundisha ni mwalimu aliyesomea historia. Sheria ya elimu ya No Child Left Behind, iliyotiwa saini Januari 2002, iliitaja jiografia miongoni mwa masomo ya msingi, kisha ikaliacha somo hilo bila fungu lake la fedha. Ndiyo maana warsha za walimu zinazogharamiwa kwa ruzuku zina uzito mkubwa kuliko fedha zinazotumika. Kwa walimu wengi huwa ndiyo nafasi pekee ya kukaa na wataalamu wa jiografia baada ya kuhitimu chuo.

Mfadhili mmojawapo ni Maktaba ya Bunge la Marekani, kupitia programu yake iitwayo Teaching with Primary Sources (Kufundisha kwa Vyanzo vya Awali). Sehemu ya fedha za programu hiyo hugawiwa kwa mafungu madogo yasiyozidi dola 25,000, na waratibu wake ni vyuo vikuu vitatu: kimoja kwa kanda ya mashariki, kimoja kwa kanda ya kati-magharibi na kimoja kwa kanda ya magharibi. Wanaoomba si vyuo peke yake. Wilaya ya elimu, makumbusho, maktaba au chama cha walimu nacho kinaweza kuomba. Imo pia miungano ya elimu ya jiografia ya majimbo, mtandao ulioanzishwa kwa msaada wa National Geographic Society mwaka 1986 ili wahadhiri na walimu wa shule wafanye kazi pamoja.

Watu wakisikia vyanzo vya awali huwaza barua na shajara. Kwa jiografia, chanzo cha awali ni ramani iliyochorwa wakati wa tukio lenyewe, daftari la mpima ardhi, karatasi za sensa, picha ya kijiji kabla ya bwawa kujengwa. Idara ya ramani ya Maktaba ya Bunge, iliyoanzishwa mwaka 1897, ina zaidi ya ramani milioni 5. Wingi huo unavutia, lakini ndio pia unaomlemea mwalimu. Akiingia kwenye tovuti bila kujua anachotafuta, hutoka na picha ya kupamba slaidi. Warsha nzuri huanza kwa kumpa ramani moja tu na muda wa kutosha kuitazama.

Tuchukue ramani za Sanborn. Kampuni ya Sanborn, iliyoanzishwa mwaka 1867, ilichora miji ya Marekani kwa ajili ya makampuni ya bima ya moto. Wakala wa bima alitaka kujua hatari ya jengo bila kufunga safari kwenda kulikagua, kwa hiyo mchoraji aliweka kila kitu: aina ya ukuta, idadi ya ghorofa, madirisha, mabomba ya maji, hata mahali pa tanuri. Inchi moja kwenye karatasi ni futi 50 ardhini. Rangi ya waridi ni tofali, njano ni mbao, buluu ni mawe. Herufi D ni nyumba ya kuishi na S ni duka. Maktaba ya Bunge ina takriban karatasi 700,000 za miji ipatayo 12,000.

Mpe mwalimu karatasi moja ya mji mdogo na umwambie ataje anachokiona, asieleze chochote bado. Hapo ndipo pagumu. Zana ya uchambuzi ya Maktaba ina hatua tatu, yaani kutazama, kutafakari na kuuliza, na karibu kila mtu mzima huruka ya kwanza. Atasema, "Huu ulikuwa mtaa wa maskini," kabla hajahesabu nyumba za njano. Mwezeshaji anamrudisha: umeona nini kilichokufanya useme hivyo? Anatazama tena. Anaona majengo ya waridi yamejipanga kando ya barabara kuu, ya njano yamesongamana nyuma, karibu na reli na kiwanda cha mbao. Anaona bomba la maji linaishia mtaa wa pili. Halafu anaona maneno aliyoandika mchoraji juu ya baadhi ya nyumba kutaja rangi au asili ya wanaoishi humo, maana katika miji mingi ramani hizi ziliandika hivyo kwa majengo ya Weusi na ya Wachina, wakati nyumba za Wazungu ziliachwa bila neno. Sasa swali analouliza ni la jiografia hasa: nani aliishi wapi, karibu na nini, mbali na nini, na nani aliona haja ya kuliandika hilo?

Mwalimu wa historia amezoea kuuliza nani aliandika barua hii na kwa nini. Akishika ramani, mazoea hayo humtoka, kwa sababu tumelelewa kuiamini ramani. Tunafundisha wanafunzi jina la ramani, ufunguo, dira, fremu na skeli, na wakishavitaja vyote vitano tunawapa alama zote. Hakuna anayeuliza nani alilipia ramani hiyo. Naamini hili ndilo pengo la kwanza ambalo fedha za ruzuku zinapaswa kuziba, kabla ya kununua kifaa chochote.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni ramani ya mwaka 1861 inayoonyesha mtawanyiko wa watu waliokuwa utumwani katika majimbo ya kusini. Iliandaliwa na Edwin Hergesheimer wa idara ya serikali iliyopima pwani za Marekani, kwa takwimu za sensa ya 1860. Kila wilaya imetiwa kivuli kulingana na asilimia ya wakazi waliokuwa watumwa, na asilimia yenyewe imechapwa ndani yake. Ukiwaficha walimu jina la ramani na kuwaachia vivuli tu, wataona mkanda mweusi ukifuata mto Mississippi, mwingine ukikata katikati ya Alabama, na pwani ya Carolina Kusini imekolea. Wataona pia eneo jeupe likipanda kwenye milima ya Appalachia. Kando ya Mississippi kuna wilaya ya Issaquena, ambako zaidi ya watu 9 kati ya 10 walikuwa watumwa.

Kisha wawekee ramani ya udongo pembeni. Mikanda ile ni udongo wa mafuriko na udongo mweusi wenye rutuba, nchi ya pamba, na pwani ni mashamba ya mpunga. Milimani hapakuwa na mashamba makubwa, na ni kutoka upande huo ambapo West Virginia ilijitenga na Virginia na kuingia kama jimbo mwaka 1863 katika Muungano, yaani upande wa kaskazini uliopigana vita na majimbo ya kusini yaliyoasi. Mwanafunzi anaona kwa macho yake jinsi ardhi, biashara na siasa vilivyofungamana. Rais Lincoln aliitumia ramani hii. Mchoraji Francis Carpenter, aliyefanya kazi Ikulu mwaka 1864, aliiweka kwenye pembe ya mchoro wake wa Lincoln akisoma Tangazo la Ukombozi, lililowatangaza huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, mbele ya mawaziri.

Lakini kwenye ramani yenyewe kumeandikwa kwamba inauzwa ili kusaidia wanajeshi wagonjwa na majeruhi wa jeshi la Muungano. Ina upande, basi, na mwalimu hana budi kulisema hilo darasani. Tena kila asilimia iliyochapwa pale ilitoka kwenye karatasi za sensa zilizoorodhesha umri, jinsia na rangi ya mtu chini ya jina la bwana wake, na kwa kawaida jina la mtu mwenyewe halikuandikwa. Mwalimu aliyeziona karatasi hizo hatazungumzia asilimia 90 kwa wepesi tena.

Mambo haya hayaingii kwa semina ya siku moja. Warsha za namna hiyo zipo, walimu wanaondoka na faili nene, na faili linabaki kabatini. Napendelea fungu dogo la fedha ligawanywe mara mbili: walimu wakutane, wakaandae andalio la somo na kulifundisha, kisha warudi na kazi za wanafunzi wao mezani. Kikao cha pili ndicho chenye faida kubwa, kwa kuwa hapo walimu hujadili majibu halisi ya watoto. Posho ya mwalimu na malipo ya anayemshikia darasa ziwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Mwalimu asiyelipwa muda wake hawezi kurudi.

Kwa anayeandika ombi, ushauri wangu ni kuchagua vyanzo vya mahali hapohapo. Karibu kila mji wa zamani una karatasi yake ya Sanborn. Zaidi ya miji 200 ina ramani za miaka ya 1930 ambamo shirika la serikali la mikopo ya nyumba, Home Owners' Loan Corporation, liligawa mitaa kwa rangi, kijani kwa iliyoaminiwa na nyekundu kwa iliyohesabiwa kuwa hatari. Majimbo mengi yaliyopimwa kwa sheria ya ardhi ya 1785 bado yana miraba ya maili sita kwa sita, na ndani ya kila mraba kipande namba 16 kilitengwa kwa ajili ya shule, kwa hiyo mtoto anaweza kutafuta kama shule yake iko juu ya kipande hicho.

Ramani nyingi za Maktaba hupakuliwa bure na bila kujisajili. Chukua faili lenye ubora wa juu, maana maandishi madogo ya Sanborn hayasomeki kwenye picha ndogo. Shule isiyo na printa kubwa iikate ramani vipande vinne na kukipa kila kikundi kimoja. Wanafunzi wakishamaliza kukitazama chao, waviunganishe mezani, na hapo wasomeane walichoandika kabla mwalimu hajawatajia mji.