Mshipa wa fahamu uliokatika hujuaje njia ya kurudi kidoleni?

Mama mmoja mkulima wa parachichi kutoka Kiwira alikuja kliniki yetu ya mazoezi tiba hapa Mbeya na lengelenge kwenye kidole cha shahada. Wiki kadhaa nyuma panga lilimkata kifundo cha mkono. Alishonwa, kidonda kikafunga, ila ganzi haikuondoka. Alikuwa ameshika sufuria ya moto na hakujua mpaka aliposikia harufu ya ngozi kuungua. "Daktari, huu mkono umekufa?"

Haujakufa. Seli ya mshipa wa fahamu wa mkono haikai mkononi. Mwili wake uko shingoni, ndani ya uti wa mgongo na pembeni yake. Kinachofika kidoleni ni uzi wake mrefu. Uzi ukikatwa, kipande cha mbele hufa, lakini seli yenyewe huotesha uzi mpya.

Ncha ya uzi unaoota ina vidole vyembamba mno vinavyopapasa njia. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliieleza ncha hiyo mwaka 1890, akichunguza vifaranga ambao hawajatotolewa, akahisi kuna kemikali zinazoiita. Uthibitisho ulichukua zaidi ya miaka mia. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walitangaza protini waliyoichuja kutoka kwenye bongo za vifaranga wapatao 25,000. Waliiita netrini, kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya kiongoza njia.

Netrini huvuta. Protini nyingine, sliti, hufukuza. Mimba inapokua, baadhi ya nyuzi lazima zivuke kutoka upande mmoja wa uti wa mgongo kwenda wa pili. Netrini iliyo katikati huziita. Zikishavuka tu, huacha kuusikia wito huo na kuanza kuhisi sliti, hivyo hazirudi zilikotoka. Nimefundisha jambo hili miaka mingi na bado linanishangaza.

Mkononi, seli zinazobaki kwenye ala ya mshipa hujipanga mstari na kutoa protini za kuulisha na kuuongoza uzi mpya. Uzi hutembea takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kifundo hadi ncha ya kidole, hiyo ni miezi sita au zaidi. Ncha mbili za mshipa zikiachwa mbalimbali, uzi hupotea na kujikunja kuwa kinundu chenye maumivu. Kwa hiyo ukijikata na kidole kikafa ganzi, mwambie daktari siku hiyohiyo, kabla ngozi haijashonwa. (Uti wa mgongo ni habari nyingine: huko zipo protini zinazozuia uzi usiote tena.)

Wakati wa kusubiri, usipime joto kwa mkono wenye ganzi, na kagua ngozi yake kila jioni. Sisi hugonga taratibu juu ya njia ya mshipa. Pale mgonjwa anaposikia kama umeme, ndipo nyuzi zilipofika. Mwezi wa kwanza mama yule aliusikia kwenye kovu. Mwezi wa nne aliusikia kwenye shina la kidole cha shahada, akaniomba nigonge tena.