Vumbi la mbao usiloliona: hewa safi katika karakana ya nyumbani

Ukipita Ndeeba, Kampala, utakuta marundo ya maranda na unga wa mbao kando ya njia, na wengi hudhani hilo ndilo vumbi linalomuumiza seremala. Silo. Maranda yana uzito, huanguka chini, hufagiliwa, na mengine huchukuliwa na wafugaji kutandika mabanda ya kuku. Lenye madhara zaidi ni vumbi la chembe ndogo mno, zisizofika maikroni 10 (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hali unywele mmoja wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe hizo pua haiwezi kuzinasa zote. Hushuka hadi mapafuni, na zile ndogo kabisa huendelea kuelea chumbani kwa saa kadhaa baada ya mashine kuzimwa.

Fundi wa barabarani ana bahati moja: upepo. Anayenitia wasiwasi zaidi ni fundi wa nyumbani, aliyegeuza gereji kuwa karakana, au aliyejenga banda la mabati ukutani mwa nyumba, au anayepanga chumba kimoja ambacho mchana hutengenezwa viti na usiku hulala watoto.

Kama hujaamini, jaribu hivi. Mabati mengi yana tundu la msumari, na jua la mchana hupenya hapo kama kijiti cha mwanga. Piga msasa, zima mashine, kaa dakika 15, kisha utazame mwanga ule. Usipokuwa na tundu, ngoja usiku, zima taa na umulike tochi kwa ubavu. Utaona vumbi likipanda na kushuka polepole kama halina pa kwenda. Hilo ndilo unalovuta ukidhani kazi imekwisha.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, yaani vilivyothibitishwa kwa binadamu, mwaka 1995. Saratani inayohusika hasa ni ya pua na mianzi yake, na huweza kuchukua miongo kadhaa kujitokeza, ndiyo maana fundi kijana haioni hatari. Pumu haingoji hivyo. Mvule, mti tunaoupenda kwa milango na vitanda, unajulikana kwa kuwasha ngozi, kuchuruzisha makamasi na kuamsha pumu kwa baadhi ya watu. Mbao za MDF, zile za kiwandani za nyuzi za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi, zina jambo lake: vumbi lake ni laini mno, na gundi yake mara nyingi ina kemikali ya formaldehaidi, ambayo nayo iko katika kundi hilo la kwanza. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu, na umwambie daktari kazi yako. Wengi husahau kulisema hilo.

Sasa tiba ya hewa yenyewe. Kazi ya kwanza ni kulinasa vumbi linapozaliwa, kabla halijasambaa. Mashine ya msasa ya mkono ina tundu la kutolea vumbi. Unganisha hapo mpira wa kifyonza vumbi. Katikati ya mashine na kifyonza weka ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko uliozibwa vizuri, ili unga mzito ubaki ndoani na kichujio cha kifyonza kisizibe kila mara. Angalia mfuko wa kifyonza: ule wa kitambaa chepesi hushika unga na kupuliza chembe ndogo zirudi chumbani, zikiwa zimesambazwa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Kazi ya pili ni kuitoa hewa. Dirisha moja halitoshi, maana hewa haitoki bila nyingine kuingia. Unahitaji matundu mawili yanayotazamana, moja la kuingilia na moja la kutokea, na feni iwe kwenye lile la kutokea ikisukuma nje. Pangaboi la darini halitoi kitu, linakoroga tu. Washa ubani kidogo mlangoni kabla ya kazi, wakati hakuna vumbi wala thina (kiyeyusho cha rangi na vanishi), uone moshi unaelekea wapi. Ukiona moshi unakujia usoni, au unaingia kwenye chumba cha kulala, hamisha feni. Kwa walio kando ya Ziwa Viktoria, mchana upepo kwa kawaida hutoka ziwani na usiku hugeuka, basi tundu la kutokea liwe upande wa karakana usiotazama ziwa.

Ukubwa wa feni hupimwa kwa hesabu nyepesi. Karakana ya mita 4 kwa 5 yenye kimo cha mita 2.5 ina mita za ujazo 50. Ukitaka hewa ibadilike mara 8 kwa saa, unahitaji mita za ujazo 400 kwa saa. Feni nyingi dukani huandikwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, na CFM moja ni kama mita za ujazo 1.7 kwa saa, kwa hiyo ni kama 235. Nunua kubwa zaidi, kwa sababu wavu na bomba hupunguza nguvu.

Mvua ikikulazimisha kufunga, chujio husaidia. Mwaka 2020, wakati wa korona, Wamarekani Richard Corsi na Jim Rosenthal walisambaza wazo la sanduku la vichujio vinne na feni juu yake. Linafanya kazi kwa vumbi pia, ila kwetu vichujio hivyo si rahisi kupata, na kikijaa hakifai kitu. Mimi ningeanza na matundu mawili.

Barakoa ni ya mwisho, si ya kwanza. Barakoa ya aina ya N95 inayobana uso hunasa angalau asilimia 95 ya chembe ndogo. Leso au kitambaa cha korona hakikaribii hapo, na ndevu huacha mwanya. Usipulize vumbi nguoni kwa kompresa. Fagia baada ya kunyunyiza maji kidogo, na uvue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto.

Siku ya vanishi ina kanuni zake. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hulala karibu na sakafu, na chujio la vumbi haliuzuii. Fungua mlango chini hadi juu, usiwashe feni ya kawaida inayoweza kutoa cheche, na sigiri (jiko la mkaa) iwe mbali. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike kwenye kona, kwa kuwa hupata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au uviloweke kwenye kopo la maji lenye mfuniko.