Dhoruba imepita Kisumu: dhana potofu kuhusu miti iliyobaki

"Mti uliovunjika matawi ni hatari, bora ukatwe wote."
Mjakaranda wenye mwavuli wa upana wa mita 12 hufunika takriban mita za mraba 113. Mche wa mwavuli wa nusu mita haufikishi hata 0.2, kwa hiyo hata miche 500 haitoshi kuziba pengo hilo mwaka huu. Kwa hiyo anza kwa kukagua udongo. Ukiwa umepasuka au kuinuka upande mmoja wa shina, mizizi imeng'oka, na mti mkubwa wa namna hiyo hauna budi kuondolewa. Udongo ukiwa umetulia, shina halina ufa na zaidi ya nusu ya matawi yamebaki, uache. Mti mchanga ulioinama, wenye shina lisilozidi sentimita 10, husimamishwa tena mizizi ikiwa bado mibichi. Ila chimba kwanza chini ya mizizi iliyoinuka, irudi mahali pake. Uliogusa nyaya za umeme ni kazi ya Kenya Power.

"Ukate kichwa, utachipua kwa nguvu."
Kuchipua utachipua. Tatizo ni kwamba machipukizi hayo yameshikwa na tabaka jembamba la nje tu, na yakishakuwa mazito hunyofoka kwa upepo mdogo, huku kisiki kikioza kuelekea ndani. Ondoa tawi lililovunjika pekee, kwa mikato mitatu. Wa kwanza unatoka chini, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, hadi theluthi ya unene. Wa pili unatoka juu, mbali kidogo zaidi na shina kuliko ule wa kwanza, tawi lidondoke bila kuchuna gome. Wa tatu unaondoa kipande kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe ulio kati ya tawi na shina. Uvimbe huo usiguswe, kwani ndio unaofunga kidonda.

"Kidonda kipakwe rangi au oili chafu."
Hapana. Alex Shigo, mtafiti wa miti wa Marekani, alipasua maelfu ya miti akaonyesha kwamba mti hujitenga na uozo kwa kujenga kuta ndani yake. Rangi haizuii kuoza.

"Shimo refu ndilo litakaloushika mti mpya."
Mizizi mingi hukaa katika sentimita 60 za juu, penye hewa. Kwenye udongo mweusi wa Kisumu, shimo refu hugeuka bwawa. Kina kilingane na udongo wa mche, upana uwe mara mbili au tatu yake. Toa nailoni yote, na mizizi iliyojizungusha uikate: ukiiacha itakuja kulinyonga shina, mti uanguke ukiwa tayari mkubwa. Shingo ya mzizi, pale shina linapopanuka kuwa mizizi, ionekane juu ya udongo. Tandaza nyasi kavu sentimita 5 hadi 10, zisiguse shina. Mvua ikikatika, lita 20 mara mbili kwa wiki. Udongo wa volkeno wa Nakuru hukauka upesi, huko ongeza. Kigingi kifungwe kwa tyubu ya baiskeli, kwa kulegea, kisha kiondolewe baada ya mwaka, maana shina lisiloyumba halinenepi vizuri.

"Tupande kinachokua haraka."
Mgrevilea hukua haraka, na matawi yake huvunjika haraka vilevile. Changanya siala (Markhamia lutea), mwarobaini, na mvule penye nafasi mbali na nyaya na majengo. Frank Santamour, mtafiti wa miti wa Marekani, alipendekeza mwaka 1990 kwamba spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti ya mji. Panda mvua za Machi zikishatulia, si wiki ya dhoruba kwa sababu tu watu wana hamasa.