Palmu yako haijauliwa na baridi ya Dodoma

Ikifika Juni simu ni zile zile, "kaka, baridi imeniulia palmu", na wiki hii tena nimeambiwa hivyo na mtu mwenye bustani nzuri tu kule Kisasa. Jamani. Usiku wa Julai hapa tunashuka mpaka nyuzi 13 au 14 hivi, tunavaa majaketi sawa, lakini kwa mtende au Washingtonia, ile palmu ndefu ya mapambo, hiyo siyo baridi ya kuua.

Kuna palmu inaitwa Trachycarpus fortunei, kwao ni milimani China, mtafiti wa mimea Robert Fortune aliipeleka Uingereza mwaka 1849 na mpaka leo ipo kwenye bustani za kule, theluji inaiangukia na inaendelea. Inavumilia mpaka karibu nyuzi 15 chini ya sifuri. Wanaozipanda kule wanachoogopa zaidi ni baridi iliyochanganyika na maji, maana hata mtende unahimili usiku wa chini ya sifuri kukiwa kukavu, ila ukikaa kwenye baridi ya mvua wiki baada ya wiki unaoza moyo. Ndiyo maana wanapanda kwenye tuta, wanachanganya kokoto, na mvua za baridi zikianza wanafunika kilele.

Sasa sisi. Unachimba shimo refu kwenye udongo mweusi wa mbuga, au kwenye kifusi alichoacha fundi, unazamisha mche mpaka shina linafukiwa, unazungushia kisahani cha udongo cha kushikia maji, halafu unamwachia kijana wa getini amwagilie asubuhi na jioni mwaka mzima. Oktoba jua linayanywa yale maji. Juni hayanyweki, mti umepunguza kukua, maji yanakaa tu mizizini. Na kijana akimaliza chini anapandisha mpira juu aoshe vumbi, maji yanajaa pale katikati kwenye kuti changa ambalo halijafunguka na yanalala humo. Hizi palmu za shina moja zina sehemu moja tu ya kukulia, pale pale, hazina tawi la akiba kama mwembe, pakioza ndiyo basi!

Kwa hiyo kabla hujanipigia, shika kuti changa la katikati ulivute taratibu. Likigoma, vizuri. Likitoka lote mkononi na kitako chake ni laini, cha kahawia, kinanuka, huo ni uozo. Makuti ya chini yakikauka mara nyingi ni uzee au potasiamu imepungua, na ncha zikiungua angalia chumvi ya maji ya kisima kwanza.

Mnazi nautenga, huo kweli unataka joto na kwenye ubaridi unadumaa.

Ukikuta uozo, simamisha maji, fukua udongo uliofunika shina, kata mpaka ukutane na nyama nyeupe safi, acha pakauke, weka dawa ya ukungu yenye shaba. Dawa naitumia, lakini sijaridhika kama inayoponya ni yenyewe au ni kule kukausha tu, maana nimeona zilizopona bila dawa. Ila palmu yenyewe usiing'oe haraka. Chora mstari wa maka peni ukivuka kuti lililokatwa na lile la jirani yake, uwe unapita kuangalia. Vipande vya mstari vikiachana, mti unakua, hata kama kuti jipya litachukua miezi kufunguka na litatoka limepinda.