Mlinganishe na Yeye Mwenyewe: Kutambua na Kutibu Magonjwa ya Akili kwa Watoto na Watu Wazima

Mtoto wa miaka tisa aliletwa kliniki na mama yake, na mama alishika bahasha nene ya majibu ya vipimo. Tumbo lilikuwa likimuuma mtoto kwa miezi minne. Choo kimepimwa, mkojo umepimwa, damu imepimwa, picha ya tumbo imepigwa, na kila karatasi inasema hakuna tatizo. Nilimuuliza mama: tumbo linauma siku zipi? Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Mara nyingi Jumapili usiku na Jumatatu asubuhi. Likizo nzima halikuuma." Mtoto alikuwa akitazama viatu vyake. Nilipomuuliza shuleni kuna nini, machozi yalitangulia maneno.

Yule mtoto hakuwa anadeka wala kudanganya. Mtu akiwa na hofu, ubongo hupeleka taarifa hadi kwenye utumbo, misuli ya tumbo hukaza, na maumivu yanayofuata ni maumivu kweli hata kama hakuna kipimo kitakachoyaonyesha. Alichokuwa nacho ni ugonjwa wa wasiwasi, mojawapo ya magonjwa ya akili yanayowapata watoto mara nyingi. Nimeanza na yeye kwa sababu wazazi wengi husubiri mtoto aje aseme mwenyewe kwamba ana huzuni au hofu, na mtoto mdogo hana maneno hayo. Husema kwa tumbo na kwa kichwa. Husema kwa kukojoa kitandani ilhali alishaacha mwaka mzima, kwa kung'ang'ania nguo ya mama, kwa kupiga wenzake, kwa kuuacha mchezo aliokuwa akiupenda.

Mpaka wa huzuni ya kawaida na ugonjwa uko wapi? Swali hili naulizwa karibu kila wiki. Aliyefiwa atalia na kukosa usingizi, aliyepoteza kazi atahangaika, na hao hawahitaji jina la ugonjwa, wanahitaji watu. Tunapochunguza, tunaangalia mambo matatu kwa pamoja: hali imedumu muda gani, inamuumiza kiasi gani, na imemnyang'anya nini katika maisha ya kila siku. Kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, tunatafuta dalili zilizokuwepo karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili: huzuni au kutofurahia chochote, pamoja na usingizi kuvurugika, hamu ya chakula kubadilika, uchovu, umakini kupotea, kujilaumu, au kutamani kufa. Na katika yote hayo, kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: usimlinganishe mtu na jirani wala na ndugu yake. Mlinganishe na yeye mwenyewe. Aliyekuwa mkimya tangu utotoni akikaa kimya leo, hakuna jipya. Mchangamfu akinyamaza miezi miwili, pana jambo.

Ndiyo maana maongezi marefu ndiyo chombo chetu kikuu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha sonona au wasiwasi. Damu tunapima kwa sababu nyingine: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio na wasiwasi, ikizembea huleta uchovu na huzuni, upungufu wa damu humfanya mtu alegee, kifafa na maambukizi ya ubongo vinaweza kubadili tabia ghafla. Pombe, bangi na baadhi ya dawa za hospitali nazo tunaziuliza bila kuhukumu. Mgonjwa anayeficha chupa kwa kuogopa aibu anaweza kutibiwa ugonjwa usio wake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970, yaani mtu 1 kati ya 8, walikuwa wakiishi na ugonjwa wa akili. Shirika hilo hilo linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kufikisha miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Kwa hiyo watu wazima wengi ninaowapokea wakiwa na miaka 30 au 40 walianza kuumwa wakiwa shuleni. Waliitwa wavivu, wakorofi, waoga. Nikisoma historia zao nauma meno, kwa sababu miaka ile ingeweza kuokolewa.

Mtoto si mtu mzima mfupi

Sonona kwa mtoto na kijana mara nyingi haiji na uso wa huzuni. Huja na hasira: mlango unabamizwa, kila swali linajibiwa kwa ukali, alama za mtihani zinashuka, marafiki wanaachwa mmoja mmoja. Wazazi huona utovu wa nidhamu na kuongeza adhabu. Kabla ya kuadhibu, rudi kwenye kipimo chetu: mwaka jana wakati kama huu alikuwaje?

Tatizo la umakini na utundu uliopitiliza linahitaji uangalifu wa namna yake. Mtoto kuwa mtundu si ugonjwa. Dalili zinapaswa kuonekana kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi sita, na zitokee sehemu zaidi ya moja. Anayeshindwa kutulia darasani tu lakini nyumbani anakaa saa nzima na kazi yake, tatizo huenda liko darasani: haoni ubao, hasikii vizuri, somo limempita, au kuna mwenzake anayemsumbua. Usonji nao huonekana mapema, katika namna mtoto anavyowasiliana na watu na anavyoshikilia mambo yale yale. Hausababishwi na malezi mabaya wala na chanjo. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimeona akina mama wakibeba lawama ambayo si yao.

Nirudi kwa yule mtoto wa tumbo. Mama yake, kwa huruma, alikuwa akimbakiza nyumbani kila tumbo lilipouma, na tumbo lilipoa kabla ya saa nne asubuhi. Hapo ndipo ugonjwa wa wasiwasi unapopata nguvu. Kila tunapokikimbia kitu tunachokiogopa tunapata nafuu ya haraka, na ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiyo dawa. Hofu ya kesho inakuwa kubwa kuliko ya jana. Tiba yake ni kukisogelea kile kinachotisha kidogo kidogo, akiwa na mtu anayemwamini, mpaka mwili ujifunze wenyewe kwamba hatari haipo.

Kwanza tulihakikisha hatari haipo kweli. Ilikuwepo: wanafunzi wawili wakubwa walikuwa wakimnyang'anya vitu vyake na kumtisha asiseme. Mwalimu alilishughulikia. Kumpa mtoto mazoezi ya kushinda hofu wakati anaonewa kweli ni kumtesa mara mbili. Baada ya hapo tulichora ngazi kwenye karatasi. Ngazi ya chini, kuvaa sare na kufika getini kisha kurudi. Iliyofuata, kukaa darasani kipindi kimoja. Kisha mpaka mapumziko. Kila alipopanda, alipaka rangi ngazi hiyo mwenyewe. Mama alifundishwa kusema sentensi moja tu, bila kubembeleza wala kufoka: "Najua tumbo linauma, na najua unaweza." Wiki ya tatu alirudi nyuma ngazi mbili, na mama akakata tamaa. Kurudi nyuma ni sehemu ya tiba. Tulishuka naye, tukapanda tena. Hakumeza kidonge hata kimoja.

Watu wazima

Mtu mzima ana maneno, lakini mara nyingi huyatumia kuficha. Wanaume hasa huja wakilalamikia mgongo, usingizi, au "uchovu tu", na familia ndiyo inayoeleza kwamba amekuwa mkali na pombe imeongezeka. Mama aliyejifungua akiwa na huzuni nzito inayopita wiki mbili, au akihisi hampendi mtoto, hajawa mama mbaya. Ni mgonjwa, na anatibika. Lakini akianza kusikia sauti, kusema mambo yasiyoeleweka au kukesha bila kuhisi haja ya kulala siku chache baada ya kujifungua, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Kwa wazee, sonona huweza kufanana na kupoteza kumbukumbu, na mzee akaachwa bila tiba kwa kudhaniwa ni umri.

Skizofrenia humpata takriban mtu 1 kati ya 300, na kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kwa uhakika kamili mambo yasiyo kweli, na taratibu hujitenga. Usibishane naye kwamba sauti hazipo, wala usijifanye unazisikia. "Naona zinakutisha, niko hapa na wewe" inatosha. Kumfunga au kumpiga hakuondoi sauti. Humwondolea imani kwa watu anaowahitaji ili atibiwe.

Kuna ugonjwa mwingine, baipola, ambao mgonjwa hupita vipindi vya sonona na vipindi vya juu: halali lakini hachoki, anaongea mfululizo, anagawa mali, anaanza miradi kumi. Mara nyingi huja kwetu akiwa chini, na kipindi cha juu hakitaji kwa sababu alijisikia vizuri. Akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa juu tena. Ndiyo sababu daktari atauliza mara mbili mbili kuhusu siku ulizolala kwa muda wa saa tatu tu ukaamka na nguvu tele. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, alichapisha taarifa kwamba lithiamu iliwatuliza wagonjwa waliokuwa katika kipindi hicho, na hadi leo ni miongoni mwa dawa bora za baipola, ila anayeitumia lazima apimwe kiwango chake kwenye damu, pamoja na figo na tezi ya shingo.

Kuhusu dawa na maongezi

Mgonjwa mmoja alirudi akiwa na pakiti ya dawa za sonona yenye vidonge kumi na kimoja vilivyobaki. "Daktari, nilitumia siku kumi, sikuona kitu, nikaacha." Kosa lilikuwa letu kwa kiasi kikubwa; hakuna aliyemwambia kwamba dawa hizi huanza kusaidia baada ya wiki mbili hadi nne, na nafuu kamili huweza kuchukua wiki sita hadi nane. Siku za mwanzo mtu anaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma au usingizi kuyumba, kisha hayo hupungua. Akishapona, anaendelea angalau miezi sita, wengine zaidi, kwa sababu kuacha mapema hurudisha ugonjwa. Na kuacha hufanywa kwa kupunguza dozi taratibu pamoja na daktari. Dawa za sonona hazileti uraibu kama zile za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi upesi. Hizo za usingizi zitumike muda mfupi tu, na kamwe usimpe ndugu yako vidonge vyako.

Kwa watoto na vijana walio na sonona ya kawaida tunaanza na tiba ya mazungumzo. Dawa ikihitajika, fluoksetini ndiyo yenye ushahidi bora zaidi kwao, na mtu yeyote aliye chini ya miaka 25 anayeanza dawa za sonona aangaliwe kwa karibu wiki za kwanza, maana baadhi hupata mawazo ya kujiua katika kipindi hicho.

Tiba ya mazungumzo ina hatua, mazoezi na kazi za nyumbani. Mtu hujifunza kulikamata wazo linalomwangusha, kulipima, kisha kutenda tofauti. Wala haihitaji daktari bingwa kila mara. Mwaka 2006 huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wahudumu wa afya ya jamii kukaa na watu kwenye benchi na kuwasaidia kutatua tatizo moja kwa wakati. Kwa Kishona hali waliyoishughulikia huitwa kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Kwetu watu husema "ana mawazo". Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Anayeswali au kusali aendelee; imani humshika mtu pale wengi wetu tusipofika. Ninachoomba ni asiambiwe aache dawa ili kuonyesha imani.

Jambo moja halisubiri miadi. Mtu akisema amechoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake anavyovipenda, akiaga watu, au akitulia ghafla baada ya mateso ya muda mrefu, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Wengi hushusha pumzi, maana wamepata pa kulitua. Usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na silaha zilizo karibu naye, na mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dunia hupoteza zaidi ya watu 700,000 kwa mwaka kwa njia hii, na wengi wao walikuwa na ugonjwa unaotibika.

Ukija kliniki kwa mara ya kwanza, iwe kwa ajili yako au ya mwanao, njoo na karatasi moja. Andika mabadiliko yalianza lini na kuna nini kilitokea kipindi hicho. Saa za kulala na kuamka za wiki iliyopita. Dawa zote unazotumia, za hospitali na za asili. Na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua hivi. Chini yake andika mambo mawili au matatu ambayo mtu huyo alikuwa akiyafanya na sasa hayafanyi. Hiyo mistari ya mwisho ndiyo nitakayoisoma kwanza.