Linki moja tu, na siri iko inje

"Yaya, si tunaweka tu kolone moja, tunaandika SIRI, tunafungia watu wenye hawana ruhusa, inaisha?" Mdogo wangu mmoja wa kazi aliniuliza hivyo juzi hapa Lubumbashi, juu ya programu yenye tunaandikia mahitaji ya mashini, ya wazi na ya siri, tumekaa karibu na jenereta juu umeme ulikuwa umekatika tena. Nilicheka, maana na miye nilianzaka na mawazo ileile.

Kwa wenye hawajue: programu za kusimamia mahitaji, kama DOORS, kila sentensi yenye inasema mashini ifanye nini inapata namba yake, historia yake, na linki za kwenda ku sentensi zingine na ku majaribio. Njo utamu wake, na njo shida yake.

Tuseme ni redio ya jeshi. Hitaji 118: uzito usipite kilo 4. Hiyo si siri. Lakini umechora linki kutoka hapo kwenda ku moduli ya siri, ni kama dosye ya mahitaji, halafu mtu mwenye hana ruhusa ya siri anaklike, anaambiwa hana ruhusa, sawa, lakini ameshaona kuko kitu, na ukikosa bahati ameona na jina la moduli, "Kukwepa kuvurugwa mawimbi". Umeshamwambia. Hata namba zinasema, ukisoma 41, 42, 43, kisha 47, utajiuliza tatu za katikati ziko wapi.

Kwa hiyo miye ninashika kanuni moja: linki inaishi juu, ni kusema ku upande wa siri, chini ni upande wa wazi. Serveri mbili, mitandao mbili, hazishikane. Data ya kawaida inapanda, ya siri haishuke, ni wazo lilelile la Bell na LaPadula, wataalamu wa usalama wa kompyuta, la 1973, usisome juu yako, usiandike chini yako. Ya kupanda tunaipeleka na ReqIF, ni fishie ya XML, maandishi yenye programu tofauti zinaweza kusoma, OMG, shirika la viwango vya programu, ilifanya kiwango tangu 2011, na uzuri wake kila sentensi inabaki na kitambulisho chake, basi wiki ijayo ukileta toleo jipya, serveri ya juu inajua hii ni ileile ya jana na linki zake hazikatike. Watu wa juu hawaguse hiyo kopi, wanaongeza zao pembeni. Wakiona kosa ndani ya kopi, wanaomba irekebishwe chini, na ombi lenyewe linasomwa kwanza na mwenye mamlaka, maana na ombi linaweza kuvujisha siri.

Kitu kingine kinachosumbua: vipande vya wazi vikikusanyika. Uzito peke yake si kitu, betri si kitu, urefu wa antena si kitu. Weka vitatu ku tebo moja, mtu mwenye akili anakadiria redio inafika wapi. Hapo kolone ya SIRI haikusaidie, hakuna sentensi hata moja yenye ilistahili alama.

Na kufuta si kufuta. Ku mradi mmoja tulitoa sentensi moja yenye kipimo cha siri, iliyoandikwa ku serveri ya chini kwa makosa, tukapumua, kisha nikafungua historia: maandishi yote iko pale, na tarehe na jina la mwandishi. Tena iko mu backup, tena kuko mtu alikuwa ametoa Excel. Tulitafuta kopi siku nyingi, laptopu moja ilikuwa imeshasafiri.


Mdogo akanyamaza kidogo, akauliza: "Na ile Excel, ilikuwa na kolone ya SIRI?" Ilikuwa nayo. Mtu aliificha tu hiyo kolone.