Urezidenti: mfamasia anapojifunzia kazi kitandani pa mgonjwa

Mfamasia wa Tanzania husomea shahada miaka 4, kisha hufanya utarajali wa mwaka 1 ndipo asajiliwe na Baraza la Famasi. Utarajali humzungusha kote, ila kila mahali kwa muda mfupi. Kumkabidhi wodi ya watoto mahututi ni jambo jingine.

Urezidenti, yaani mafunzo ya vitendo wodini chini ya mfamasia mzoefu, ndio unaomwandaa kwa kazi hiyo. Mwaka 1927 Harvey Whitney alianzisha mafunzo ya aina hii katika hospitali ya University of Michigan, Marekani. Leo huko mwaka wa kwanza huwa wa jumla; anayetaka kubobea katika saratani, watoto au ICU (wodi ya mahututi) huongeza wa pili.

Kanda ya Ziwa inayahitaji mafunzo haya mno. Mtoto wa rufaa anayefika Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, akitokea Ukerewe pengine amebeba vidonge vya duka la dawa ambavyo barua yake haivitaji. Kabla ya raundi ya madaktari wodini, rezidenti humwomba mama afungue kifuko, kisha yeye rezidenti husoma kila pakiti na kumpima mtoto uzito. Uzito wa kukisia ndio chanzo cha dozi nyingi mbovu.

Chukua mfano wa atesuneti, dawa ya sindano kwa malaria kali. Kichupa cha mg 60 huyeyushwa kwa ml 1 ya sodiamu baikaboneti hadi kiwe angavu. Ya mshipani huongezewa ml 5 za maji ya chumvi: kila ml ina mg 10. Ya msulini huongezewa ml 2 tu: kila ml ina mg 20. Mtoto wa kilo 10 hupewa mg 30, yaani ml 3 za mshipani. Muuguzi akivuta ml 3 hizohizo kutoka mchanganyiko wa msulini, mtoto amepata dozi mara mbili. Rezidenti aweze pia kueleza kwa nini walio chini ya kilo 20 hupewa mg 3 kwa kilo, na wengine 2.4: kwa dozi ileile ya kila kilo, damu ya mtoto mdogo hubaki na dawa kidogo.

Kinachoyaua mafunzo haya ni kumgeuza rezidenti kiraka cha dirisha la dawa. Asubuhi zake ni za wodi, chini ya mfamasia mzoefu anayepitia daftari lake: tatizo, ushauri, jibu la daktari, hali ya mgonjwa. Humo ndimo ataandika, kwa mfano, kwamba mtoto aliyemaliza sindano za atesuneti za saa 0, 12 na 24 na sasa anameza vizuri ahamishiwe dawa mseto kwa siku 3.